La Ndani Halijalala

Gurudumu la ndani la kushoto lilikuwa limelegea, na aliyelifunga ni mimi. Mama aliniambia. Nikamjibu anywe chai yake kabla haijapoa.

Nianze na malori, maana bila malori hakuna lawama.

Yalikuwa matatu, ya jeshi, yenye umri mkubwa kuliko wangu. Yalikuwa yamelala kwenye ghala moja miaka mingi mno, hata panya walikuwa wamechoka nayo wakahama. Aliyeyanunua tulimwita Kanali, ingawa hajawahi kuwa askari hata siku moja. Alikuwa muuza vioo vya madirisha. Jina alilipata kwa sababu ya buti zake na kwa namna alivyosimama mbele ya malori yake, mikono nyuma, kidevu juu, kama vile yatampigia saluti. Alikuwa amepata kazi ya kupeleka mabomba ya maji kwenye vijiji vya mlimani, kwa barabara ambayo magari mapya huikimbia.

"Magari ya siku hizi yakiona jiwe yanalia," aliniambia. "Haya hayalii, fundi. Haya machozi yalikwisha zamani."

Shida yake ilikuwa moja. Mtu fulani, zamani, alikuwa ameyavua magurudumu ya nje ya nyuma na kuyaacha na tairi moja moja kila upande. Lori la namna ile likiwa na tairi moja nyuma linaonekana kama mzee aliyevaa kaptula ya shule. Halafu halibebi kitu. Kanali alitaka dabo, tairi mbili kila upande, kama yalivyozaliwa. Akaja kwetu kwa sababu karakana yetu ndiyo pekee ambayo bado ilikuwa na mtu anayejua dabo za malori yale. Mtu huyo hakuwa mimi. Alikuwa mama.

Baba alikuwa dereva. Siku moja aliondoka na lori akarudi, akaondoka tena akarudi, akaondoka mara ya tatu na hatukusikia tena habari zake. Hakufa. Wanaume wengine hawahitaji kufa. Mimi nilikuwa darasa la sita. Mama akasema tairi zilizobaki uani haziwezi kujiviringisha zenyewe, basi nikaacha shule nikaanza kuziviringisha. Kazi nyingine zote alizifanya yeye. Alijifunza kuvua, kuziba, kupanga, kufunga. Madereva waliokuja kumcheka waliondoka wakimwita mama, na waliokuja kumtongoza waliondoka na tairi zao zikiwa na upepo sawasawa na wao wakiwa wamepungukiwa.

Alikuwa na vyombo viwili ambavyo hakumwazima mtu. Cha kwanza ni kamba yenye mafundo. Aliizungusha kwenye tairi, akahesabu mafundo kwa kidole gumba, kisha akaizungusha kwenye tairi nyingine. Kwenye dabo, tairi mbili lazima ziwe na kimo kimoja, la sivyo moja inabeba mzigo na nyingine inasindikiza tu. Akishapima anasema, "Hizi ni ndugu." Au, "Hizi ni majirani tu, zitagombana."

Cha pili ni nyundo ndogo, mpini wake umelainika kama mfupa. Baada ya kufunga gurudumu alizunguka akigonga nati moja moja, kichwa kimeinama, jicho limefumbwa. Nati iliyokaza ina sauti yake. Iliyolegea ina sauti nyingine. Mimi sikuwahi kusikia tofauti. Miaka thelathini nilisimama pembeni yake nikisikia tik, tik, tik, zote sawa, na yeye anasimama kwenye ya nne na kusema, "Hii inadanganya."

Tangu mvua zilizopita, mama alikuwa anakwenda na kurudi. Sisemi kutembea. Alikaa pale pale kwenye kiti chake kando ya kompresa, kikombe mkononi, na ungemwona machoni kwamba ameondoka. Akiwa yupo aliniita mwanangu. Akiwa ameondoka aliniita Dereva, akinichukua mimi kuwa baba, na akanipa habari za watu ambao mimi nilikuwa nawajua kwa picha tu. Sikumsahihisha. Nilimwitikia, nikajua habari nyingi za nyumba yetu ambazo mtoto hapaswi kuzijua.

Dada yangu mkubwa hakuyapenda hayo. Anaishi na mumewe kwenye ghorofa ya tatu, nyumba ina zulia. Alitaka mama aende kwake, apumzike, aachane na grisi. Tulibishana kwa simu mpaka betri ikatusuluhisha. Mwishoni tukakata shauri kwamba mama atabaki mpaka malori ya Kanali yamalizike. Jumamosi ya kumaliza, shemeji angekuja, angemwona, na kama kweli hajui tena alipo, angeondoka naye. Kama bado yupo kazini, angebaki na mimi, na dada angenyamaza. Mimi ndiye ningesema neno la mwisho, kwa sababu ndiye niliyekaa naye.

Basi mimi nilikuwa na wiki tatu, malori matatu, na mama mmoja.

Zilikuwa wiki za ukungu. Asubuhi nikifungua geti uani palikuwa hapaonekani kitu, weupe mtupu, halafu polepole inatokea pua ya lori, kisha taa zake mbili za mviringo, kisha mama, ameshakaa. Sauti zilifika zimefungwa kwenye pamba. Nikiwasha kompresa, ilinguruma kama iko nyumba ya tatu. Nilifanya kazi karibu bila kuona mikono yangu, na sikumbuki wakati mwingine wowote katika maisha yangu ambapo kazi ilikwenda vizuri vile.

Kwa asiyejua, dabo ya malori yale ina utaratibu wake. Gurudumu la ndani linatangulia. Linabanwa na nati sita ndefu, zenye umbo la kikombe. Kisha gurudumu la nje linavikwa juu ya nati hizo hizo, nalo linabanwa na nati sita nyingine zinazofungwa juu ya zile za kwanza. Ukimaliza, la ndani hulioni tena. Unaona nati za nje, zimekaza vizuri, na unaamini la ndani limekaza kwa sababu unakumbuka ulilikaza. Ukitaka kuhakikisha, ulegeze ya nje, ubane ya ndani, urudishe ya nje, moja baada ya nyingine. Na upande wa kushoto kila kitu hufungwa kinyume, maana waliotengeneza waliogopa gurudumu lisije likajifungua likienda mbele.

Shemeji alipita siku moja katikati ya wiki ya kwanza, kuangalia tu, akasema anisaidie. Ni mtu mwema, mhasibu, viatu vyake vinang'aa. Alikanyaga vipande vya maboksi ili asichafuke, akashika spana upande wa kushoto, akaning'inia juu yake kufungua nati. Uso ukamwiva. Nati haikusogea.

Mama akamwangalia kwa muda, akanywa chai.

"Mkwe wangu," akasema, "unaikaza hiyo. Ukiendelea hivyo itabidi tukuache nayo hapo mpaka mwakani."

Tukacheka wote watatu. Siku ile alikuwepo, yupo kabisa. Nikasema moyoni, haondoki.

Lori la kwanza na la pili tulifunga pamoja. Kanali alitaka yapakwe rangi kijani nzito ya jeshi, kila mahali, mpaka ndani ya rimu. Nikapaka. Mama alipoona akaniita.

"Kwangua hapa," akasema. Alikuwa anaonyesha katikati ya rimu, pale ambapo chuma cha gurudumu la ndani kinagusana na kile cha la nje. "Na hapa. Na huku nyuma, linapokaa."

"Kanali kasema kila mahali."

"Kanali kaolewa na haya malori? Vyuma viwili vikilala pamoja vilale uchi, mwanangu. Ukivivalisha makoti, utakaza koti. Koti likichakaa, nati inabaki inaelea."

Nikakwangua. Kila upande ulinilia saa nzima, kwa kisu na kitambaa cha petroli. Kisha nikafunga, yeye akagonga, akasema limelala. Hilo ndilo neno lake. Gurudumu lililokaa sawasawa limelala. Ambalo halijakaa halijalala, liko macho, linasubiri.

Siku ya lori la pili kumalizika nilimkosa kwenye kiti chake. Nikamkuta ndani ya kebini, nyuma ya usukani, mikono miwili juu yake, miguu haifiki chini. Ukungu ulikuwa umebanana na vioo. Nikapanda upande wa pili nikafunga mlango polepole.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Nyamaza, Dereva. Kuna kona."

Akakata kona. Injini ilikuwa imezimwa, haikuwa hata na mafuta, lakini nasema kweli, mwili wangu uliegemea mlangoni. Akanyoosha usukani. Weupe ulikuwa unapita pembeni yetu, au sisi tulikuwa tunapita ndani yake. Alikuwa anatazama mbali sana, mahali penye jua, kwa uso wa msichana ambaye sikuwahi kukutana naye.

"Punguza," akasema. "Ng'ombe."

Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, niliyekaa upande usio na breki, nikakanyaga sakafu kwa nguvu zote. Ng'ombe wakapita. Sikuwaona, lakini nilingoja mpaka wamemalizika. Kisha akashusha pumzi, akaniangalia, akarudi.

"Mwanangu," akasema, "nishushe, miguu imekufa ganzi."

Sikumwambia mtu habari ile. Dada angeitumia kuwa ushahidi. Mimi sikujua ni ushahidi wa nini.

Lori la tatu ndilo lililonishinda. Wiki ilikuwa imekwisha, Kanali alikuwa anapiga simu kila baada ya mlo, na Ijumaa mchana nilikuwa bado na upande wa kushoto. Mama siku hiyo alikuwa mbali tangu asubuhi, anaongea na baba. Rimu zilikuwa zimepakwa, zimekauka, kijani safi, nzuri hata kuziangalia. Nikachukua kisu. Nikasimama nacho. Nikafikiria saa nzima ya kukwangua, na shemeji anakuja kesho, na sakafu bado haijafagiliwa, na mama hajaoga. Nikakirudisha kisu mfukoni. Nikavika la ndani, nikakaza. Nikavika la nje, nikakaza. Nikafagia.

Jumamosi shemeji alikuja saa tatu asubuhi. Kanali alikuwa ametangulia, na mabomba yalikuwa yameshapakiwa kwenye lori la tatu, kwa sababu alilichagua hilo kwa uzuri wake. Alikuwa analizunguka kwa buti zake.

"Hili litapanda mbinguni, fundi."

"Lipande mlima kwanza," nikamwambia.

Shemeji alikaa kwenye stuli juu ya gazeti. Akamwamkia mama. Mama akaitika, akamuuliza habari za watoto, akawataja wote bila kukosea. Nikamwona shemeji analegea usoni. Alikuja akiwa ameshika begi tupu la mama na sasa alikuwa analisukuma taratibu nyuma ya stuli kwa kisigino. Nakumbuka kisigino kile.

Kisha mama akasimama na nyundo yake. Akaenda kwenye lori. Upande wa kulia akagonga kote, akapita. Akazunguka kushoto. Tik, tik, tik. Akarudia. Akaweka kiganja kwenye rimu kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akageuka, akanitazama moja kwa moja.

"Dereva," akasema, "hilo la ndani halijalala."

Shemeji akainua uso. Kanali akaacha kuzunguka.

"Mama," nikasema, "ni mimi."

"Najua ni wewe, Dereva. La ndani halijalala. Usiende nalo."

Sasa niseme nilichofikiri, kwa kuwa sitaki kuficha. Sikufikiri habari ya rangi. Hata chembe. Nilisikia ile Dereva tu. Nilisikia kwamba ameondoka, mbele ya shemeji, siku ile ile, na kwamba anamkataza baba asiondoke, jambo ambalo lilikuwa limechelewa kwa miaka thelathini na kitu. Nikaona aibu kwa ajili yake, na mtu akiona aibu anakuwa mjinga haraka sana.

"Kunywa chai yako, mama, inapoa."

"Sitaki chai."

Nikachukua spana, nikaichomeka bomba la kuongezea nguvu, nikaiweka kwenye nati ya nje, nikapanda juu yake kwa miguu yote miwili. Haikusogea. Nikafanya ya pili, ya tatu, zote sita. Chuma kigumu.

"Unaona?" nikasema. Na nilikuwa nimemgeukia shemeji.

Mama aliiweka nyundo juu ya kompresa, akaenda akakaa. Shemeji akaja karibu, akaongea kwa sauti ya chini.

"Shemeji, wewe ndiye unayejua. Mimi nitafanya utakavyosema."

"Mchukue," nikasema.

Niliingiza nguo zake kwenye begi. Kamba yake ya mafundo niliiweka humo. Nyundo nikaiacha, nikajiuliza, kwenye zulia atagonga nini. Alipanda gari la shemeji bila ubishi, akafungiwa mkanda, akaweka mikono miwili mbele yake kama aliyeshika usukani. Walitoka getini saa nne. Ukungu uliwameza kabla hawajafika barabarani.

Sisi tuliondoka saa tano. Kanali aliendesha, mimi nikakaa pembeni ili nisikilize gari safari ya kwanza, kama tulivyozoea. Nilisikiliza. Sikusikia kitu. Injini ilikuwa inaimba, dabo zilikuwa zinanguruma chini yetu kwa sauti moja nene, na Kanali alikuwa ananieleza jinsi kikosi kinavyotembea mlimani, mambo ambayo aliyatoa kichwani mwake.

Tulipanda. Juu ukungu ulikuwa mzito kuliko wa uani. Barabara ilionekana urefu wa kitanda, ikaja, ikapita chini yetu, ikaja nyingine. Hapakuwa na juu wala chini. Joto la injini lilinipanda miguuni, na kwa sababu sikuwa nimelala vizuri usiku, nadhani nilikuwa nusu hapa nusu kwingine. Nilimwona mama ameshika usukani. Niliona ng'ombe. Nikawaza, nikirudi nitampigia, nimuulize ile safari yetu ilikuwa ya wapi.

Tulipofika kileleni barabara ikaanza kushuka kabla ya mlima wa pili. Kanali akaweka gia ndogo. Tulikuwa tunakwenda polepole, mtu angeweza kutembea kandokando yetu.

Na kweli kitu kikaja kutembea kandokando yetu.

Kilitokea upande wangu, nje ya dirisha, kimesimama wima, cheusi na kijani. Gurudumu. Lilikuwa linaviringika bila haraka, halipepesuki, kama mtu aliyekumbuka kwamba hakufunga mlango wa nyumbani. Likafika usawa wa bega langu, likatupita, likaingia kwenye weupe. Lilikuwa zuri. Nitasema uongo nikisema niliogopa. Niliwaza tu, kuna mtu amepoteza gurudumu.

Kisha likaja la pili, katika mstari ule ule, likimfuata mwenzake.

"Fundi," Kanali akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "ni yetu hayo?"

Hapo ndipo nyuma kukaanguka. Ngoma ya breki ikagusa mawe, ikapiga kelele ambayo bado ninayo masikioni. Kanali akakanyaga breki, mguu ukazama, hapakuwa na kitu. Lori likageuka ubavu, likateleza taratibu, taratibu, na mabomba yakaanza kutoka moja moja yakilia kama vyombo vya muziki, mpaka ukuta wa mawe wa shamba la mtu ukatupokea.

Kimya. Nikatema kitu mkononi, yakawa meno yangu mawili ya mbele. Kanali alikuwa ameketi wima, mkono umemning'inia vibaya, akitazama mbele.

"Haya," akasema, "sasa limelia."

Chini yetu chuma kilichopata moto kilikuwa kinapoa. Tik. Tik. Tik. Nilikaa nikikisikiliza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia kwamba sauti hazikuwa sawa.

Nilishuka nikaangalia. Boliti zote sita zilikuwa zimekatika. Kwenye uso wa chuma, pale gurudumu lilipokaa, rangi ilikuwa imetoka vipande vipande, vyembamba, kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Nikaigusa, ikamomonyoka kuwa unga. Koti. Lilikuwa limechakaa ndani ya saa moja, nati za ndani zikabaki zinaelea, na nati za nje nilizozirukia kwa miguu miwili zilikuwa zimeng'ang'ania nati za ndani tu, hazijabana gurudumu lolote. Mama alikuwa amekosea jina. Gurudumu hakukosea.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angeteremka mlima ule, apande gari, aende ghorofa ya tatu jioni ile ile amrudishe mama yake.

Mimi sikwenda. Niliona aibu tena, na mara hii yangu mwenyewe. Nikasema nitakwenda nikiwa na kitu cha kumwonyesha. Nitalitengeneza lori kwanza, nitakwangua kila chuma, nitafunga kama alivyonifundisha, kisha nitamleta agonge mwenyewe, aseme limelala, na hiyo ndiyo itakuwa samahani yangu, maana za mdomo sizijui. Nilitafuta boliti za kushoto siku nne. Niliujenga upya ule ukuta wa shamba. Nilikwenda kumwangalia Kanali hospitali, amefungwa bega, anawaeleza manesi habari za vita. Dada alinipigia kila jioni.

"Ametulia," alisema. "Hasumbui kabisa. Anakaa tu."

"Anagonga vitu?"

"Siku za kwanza aligonga meza kwa kijiko. Sasa ameacha."

"Amesema nini?"

"Alikuwa anauliza Dereva karudi au bado. Nalo ameacha."

Nilimweleza dada habari yote, rangi na yote. Akasema, "Basi njoo umchukue, ndugu yangu. Mimi sina neno." Nikamwambia nimebakiza kidogo tu, ngoma ya breki.

Nilipokwenda, siku ya kumi na tisa, lori lilikuwa limepona. Mama alinifuata bila kuuliza. Nilimkalisha kwenye kiti chake kando ya kompresa, nikamletea chai, nikamletea nyundo. Aliishika upande wa chuma, mpini umeelekea chini, akaigeuzageuza. Nikamsimamisha, nikampeleka kwenye gurudumu la kushoto, nikauweka mkono wake sawa, nikagonga kwa mkono wake. Tik. Nikagonga ya pili. Akanitazama kwa adabu, kama mteja anayengoja kuambiwa gari lake limekwisha au bado.

"Limelala, mama?"

"Sijui," akasema. "Asante, fundi."

Hakuniita mwanangu. Hakuniita Dereva. Bado anakaa nami, kila siku, kwenye kiti kile. Ukungu ukija anatoka kuutazama.

Gharama zenyewe ni hizi. Boliti sita. Nati kumi na mbili. Rimu mbili, moja ilinyooshwa, moja ilikataa. Tairi moja, na ilikuwa na ndugu yake. Ngoma ya breki moja. Mabomba tisa yaliyopinda. Ukuta wa mawe, hatua saba. Mfupa wa bega la Kanali, ambao umeunga. Meno mawili, ambayo hayataota. Saa moja ya kukwangua rangi, ambayo niliiokoa. Siku kumi na tisa. Sikio moja.